Mtoto Anatema Nyama: Tufanyeje?



Nyama haimo kwenye mgao. Hapa Nyarugusu, tangu kambi ilipofunguliwa mwaka 1996, tumezoea unga, maharage au njegere, mafuta na chumvi, pamoja na unga wa uji wa lishe kwa watoto wadogo, mama wajawazito na wanaonyonyesha. Mwenye kutaka nyama anajitafutia. Anapunguza unga akauze, au anafanya kibarua siku tatu nne, au anangoja ndugu aliye mbali amtumie kitu. Mwaka 2023 mgao ulipopunguzwa, hata hilo la kuuza unga likawa gumu, maana unga wenyewe haukufika mwisho wa mwezi.

Sasa fikiria nyumba iliyokaa wiki sita bila kusikia harufu ya nyama. Jumapili moja baba anaingia na nusu kilo ya mbuzi. Watoto wakubwa wanashangilia. Sombe inatwangwa, bugali unasongwa, jirani anachungulia kuona kuna sikukuu gani. Halafu yule mdogo wa miaka miwili na nusu anapewa kipande chake. Anakiweka mdomoni, anatafuna, anatafuna tena, na kukitema kwenye mkeka. Anaomba maharage.

Hapo ndipo maneno yanapoanza. Baba anasema ni ukaidi, apigwe kidogo atajua. Bibi (wengine wetu tunamwita koko) anasema ni minyoo, au ni jicho la mtu. Mama anaona hasira kwa sababu ya pesa iliyotemwa pale chini, lakini zaidi ana hofu: wenzake wameshapoteza watoto kwa bwaki, na amesikia kliniki kwamba nyama inaongeza damu. Huyu asiyekula nyama damu yake itatoka wapi?

Swali hilo linaulizwa sana kwenye foleni ya kupima watoto, na linafaa kujibiwa bila haraka.

UKAIDI AU UGENI?

Tuanze na hesabu ndogo. Wanaofanya kazi ya lishe wanatuambia kwamba mtoto mdogo anaweza kuhitaji kuonja chakula kigeni mara nane, mara kumi, hata zaidi, kabla hajakikubali. Hii si tabia ya watoto wa kambini tu, watoto wa dunia nzima wako hivyo, na inazidi kati ya miaka miwili na sita. Sasa kama nyumbani kwako nyama inaingia mara moja kwa mwezi, hizo mara kumi zitachukua miezi kumi. Kama inaingia kila baada ya miezi miwili, ni karibu miaka miwili. Mtoto aliyezaliwa hapa huenda ameona nyama mara chache kuliko alivyoona mvua ya mawe. Sisi tuliokulia Fizi, Baraka au Uvira tulikuwa na samaki wa ziwa karibu kila siku, na mbuzi au kuku siku za wageni, ndiyo maana kwetu nyama ni furaha. Kwake ni kitu kigumu chenye harufu ngeni ambacho watu wazima wanamkazia macho akile.

Jambo la pili ni meno. Magego ya kwanza hutoka mtoto akiwa na mwaka mmoja na miezi michache, na yale ya nyuma yake huja anapokaribia miaka miwili au kuipita, hata mwaka wa tatu. Kabla hajayapata yote, kusaga nyama ya mbuzi mzee ni kazi asiyoiweza. Anatafuna mpaka utamu unaisha, mdomoni kunabaki kamba, anaitema. Hata wewe ungeitema kama ungekuwa huna magego.

Tatu, hamu ya chakula yenyewe inapungua. Mwaka wa kwanza mtoto mwenye afya huongezeka mpaka uzito wake unafika karibu mara tatu ya ule aliozaliwa nao. Mwaka wa pili anaongeza kilo mbili hadi tatu hivi, basi. Mama aliyezoea kumwona akila kwa pupa anafikiri sasa ameharibika, kumbe mwili umepunguza mwendo.

Na kuna jambo la nne ambalo wengi hatulioni kwa sababu liko kwenye desturi yetu. Watoto wanakula pamoja kwenye sahani moja. Ni vizuri, inawafundisha kuishi na wenzao. Lakini siku ya nyama sahani moja ni uwanja wa mbio. Mkubwa wa miaka tisa anamaliza vipande vinne wakati mdogo bado anapuliza tonge lake. Siku tatu nne za namna hiyo, mdogo anajifunza kwamba nyama si yake, na anashikilia kile anachokipata bila kugombana, yaani bugali na mchuzi. Halafu tunasema "huyu hapendi nyama." Mpe bakuli lake peke yake, hata kama ni kifuniko cha sufuria, kaa karibu naye, na utaona kama kweli hapendi.

Iko pia sababu ya moyo, na watu wazima wanaicheka. Kule Kivu ya Kusini simbilisi wanafugwa ndani jikoni, na mara nyingi watoto ndio wanaowakatia majani. Hapa kambini baadhi ya familia wanafuga sungura, bata au kuku kwa mtindo huohuo. Mtoto aliyempa sungura jina na kumlisha kila asubuhi, halafu akamwona anachunwa mlangoni, anaweza kukataa nyama kwa miezi. Huyo si mkaidi. Chinjeni mbali na macho yake, na msimwambie kwa mzaha "kula rafiki yako." Mzaha huo unachekesha wakubwa tu.

KUMSHIKA NA KUMLISHA KWA NGUVU

Hili tuliseme waziwazi kwa sababu linafanyika. Mtoto analazwa mapajani, mikono inabanwa, pua inazibwa ili afungue mdomo, chakula kinasukumwa. Bibi zetu walifanya hivyo na wengine wetu tulipona. Lakini mtoto anayelia anavuta hewa kwa nguvu, na chakula kilichomo mdomoni kinaweza kwenda kwenye mapafu badala ya tumboni. Hapo anaweza kupaliwa akafa mikononi mwako, au akapata nimonia baada ya siku chache. Na asipopata lolote kati ya hayo, bado anabaki na woga wa sahani. Kesho akiiona anaanza kulia kabla hujamgusa.

Kumpiga ni hivyohivyo. Na kumpa pipi au soda ili ale nyama kunamfundisha kwamba nyama ni adhabu na pipi ni malipo.

Unachoweza kufanya ni kidogo na kinachosha, lakini kinaenda. Weka kipande kimoja, kidogo kama punje ya mahindi, pembeni mwa chakula anachokipenda. Usiseme kitu. Kula chako mbele yake kwa furaha. Akikigusa, sawa. Akikiweka mdomoni na kukitoa, sawa pia, hiyo imehesabika kama mara moja. Akikiacha, mkubwa akile, hakuna kinachopotea. Ndiyo maana ya kuweka kidogo: hasira yetu mara nyingi inatokana na ukubwa wa kipande kilichotemwa.

NYAMA KIASI GANI?

Mzazi mmoja alituambia anaona aibu kwa sababu hawezi kumpa mtoto "nyama ya kutosha." Mtoto wa miaka miwili au mitatu, kipande cha mnofu kama kiberiti cha njiti kinamtosha kwa mlo. Hicho ni kama gramu 30. Kilo moja ina vipande zaidi ya thelathini vya namna hiyo. Kwa hiyo siku ya nyama mtenge yule mdogo kwanza, kabla sahani haijakwenda kwa wanaume. Najua wapo watakaonuna. Lakini baba akikosa kipande kimoja hakuna kinachomharibikia, mtoto chini ya miaka mitano anahitaji zaidi kwa sababu bado anajenga mwili na ubongo.

Tena, supu peke yake haitoshi. Wengi tunampa mtoto mchuzi tukiamini nguvu yote ya nyama imehamia humo. Kilichohamia ni ladha, chumvi na mafuta. Sehemu kubwa ya kile kinachojenga mwili na kuongeza damu imebaki kwenye mnofu. Mtoto anayekunywa supu ya mifupa kila wiki bila mnofu bado hajala nyama.

KUPIKA KWA MENO YA MAZIWA

Tatizo la nyama laini ni kuni. Kuchemsha mbuzi saa tatu ni mzigo mzima, na akina mama wanajua hatari wanazokutana nazo kule porini wakitafuta kuni. Kwa hiyo ikate ndogondogo kabla ya kuibandika, isiwe baada ya kuiva. Vipande vidogo vinaiva haraka. Ukipata papai bichi, kwangua kidogo uipake nyama, au ifunge kwenye majani ya mpapai kwa nusu saa hivi. Utomvu wa papai unalainisha nyama, hii ni dawa ya zamani na inafanya kazi kweli.

Ikishaiva, itwange. Kinu kilekile cha sombe, kikisafishwa vizuri, kinageuza kipande kigumu kuwa nyuzinyuzi ambazo mtoto hawezi kuzitambua. Changanya kwenye sombe yake, au ponda pamoja na maharage, au tia ndani ya viazi au ndizi zilizopondwa. Mama mmoja Mrundi alitueleza kwamba anafanya vidonge vidogo vya maharage na nyama iliyotwangwa, anavikaanga kwa mafuta kidogo ya mgao, na mtoto anavishika mwenyewe kwa mkono. Watoto wa umri huo wanapenda kujilisha, hata kama nusu inakwenda kwenye nguo.

Maini ni laini kuliko mnofu na yana damu nyingi zaidi. Kipande kidogo mara moja kwa wiki kinatosha, yasiwe chakula cha kila siku. Yapike yaive kabisa.

Angalia mifupa, hasa ya kuku na sungura, na ile mishipa isiyotafunika. Mtoto mdogo ale akiwa amekaa, asile akikimbia nje na kipande mdomoni.

KAMA AMEKATAA KABISA

Basi mwache kwanza. Wako watu wasiokula nyama maisha yao yote, na hapa kambini kuna Waadventista wasioigusa na wana nguvu zao. Nyama ni njia nzuri, si njia pekee. Lakini usiiondoe bila kuweka kitu mahali pake, kwa sababu bugali na sombe tupu havimtoshi mtoto.

Cha kwanza ni ndagala, yaani dagaa. Tuna bahati ya kuwa mkoa wa Kigoma, ziwa haliko mbali na dagaa wa Tanganyika wanafika hadi sokoni. Kopo dogo la dagaa ni nafuu kuliko nusu kilo ya nyama na linakaa siku nyingi. Waoshe mara mbili mchanga utoke, waanike tena, wakaange bila mafuta mpaka wakauke, watwange, wachekeche. Huo unga uhifadhi kwenye kopo lenye kifuniko. Anza na nusu kijiko cha chai kwenye uji au kwenye maharage, maana ukitia kijiko kikubwa siku ya kwanza atasikia harufu na atakataa uji pia, na hapo utakuwa umeharibu viwili. Ongeza kidogokidogo. Dagaa wanaoliwa wazima na mifupa yao wanampa mtoto pia kile kinachoimarisha mifupa na meno.

Cha pili ni yai. Wako wazee wanaosema mtoto akila mayai atachelewa kusema, au atakuwa mwizi. Kwa heshima zote, hilo si kweli, na limewanyima watoto wengi chakula kilichokuwa chini ya kitanda chao. Yai moja lililoiva vizuri, mara tatu nne kwa wiki, ni msaada mkubwa. Ukiwa na kuku mmoja anayetaga, usiuze mayai yote kununua sukari.

Baada ya mvua za kwanza kuna kumbikumbi. Wengi wetu tumekua tukiwala, na wana nguvu kama nyama. Kaanga, ondoa mabawa, mtwangie.

Halafu maharage na njegere. Hapa kuna maarifa kidogo. Mwili unachukua madini ya damu kutoka kwenye nyama kwa urahisi, pengine robo ya yaliyomo. Kutoka kwenye maharage na majani unachukua sehemu ndogo sana, mara nyingi chini ya moja ya kumi. Lakini ukila pamoja na kitu kichachu au tunda bichi, kama limau, chungwa, embe, papai au nyanya, unachukua zaidi. Kwa hiyo kamulia limau kwenye maharage ya mtoto, au mpe kipande cha embe palepale akimaliza. Maharage yaloweke usiku kucha na umwage yale maji: yanaiva upesi, yanaokoa kuni, na yanapunguza vitu vinavyozuia madini yale.

Na chai? Chai ya rangi pamoja na chakula inazuia. Mtoto anayekunywa kikombe cha chai na maharage yake ni kama amekula nusu ya maharage. Ngoja angalau saa moja. Hapa nyumba nyingi zinashindwa, kwa sababu chai yenye sukari ndiyo inayomnyamazisha mtoto wakati chakula hakijaiva. Halafu chakula kikija hana njaa, na tunasema hapendi kula. Mpe maji.

Kama bado ananyonya, aendelee hadi miaka miwili na zaidi, ila apewe chakula kwanza, titi baadaye. Na ule uji wa lishe wa mtoto mdogo ni wake. Tunajua unaishia kwenye sufuria ya wote. Ukiweza, mpikie wake kwanza.

KAMA SI KUCHAGUA CHAKULA BALI NI UGONJWA

Mtoto anayechagua anacheza, anakimbia, anaomba kitu kingine. Mtoto mgonjwa anakataa karibu kila kitu. Ukiona aliyekuwa anakula ameacha ghafla, angalia mdomoni: vidonda, fizi zilizovimba, jino lililooza. Pima malaria, maana malaria inaharibu damu hata kwa mtoto anayekula nyama kila siku. Dawa ya minyoo hutolewa kuanzia mwaka mmoja, mara mbili kwa mwaka, usiruhusu ipite.

Damu ikipungua, viganja vinapauka, ndani ya kope ya chini panakuwa peupe badala ya pekundu, mtoto anachoka upesi na wakati mwingine anakula udongo au mkaa. Akila udongo usimchape, mpeleke apimwe damu. Usimpe vile vidonge vya kuongeza damu vya mama mjamzito, hata nusu. Vichache tu vinaweza kumuua mtoto mdogo, kwa hiyo viwekwe juu, mahali asipofika. Dawa ya mtoto ni tofauti na kipimo chake kinatolewa kliniki.

Utepe wa mkono una rangi tatu. Kijani ni salama. Njano, yaani chini ya sentimita 12 na nusu, anatakiwa aandikishwe kwenye lishe ya nyongeza. Nyekundu, chini ya 11 na nusu, ni siku hiyohiyo. Na miguu yote miwili ikivimba, bonyeza kwa kidole gumba kwa sekunde tatu. Shimo likibaki, hiyo ni bwaki, na haijalishi utepe unasema nini wala mtoto anaonekana mnene namna gani. Mpeleke usiku huohuo, na mkononi chukua kadi yake ya kliniki na kadi ya mgao.